Mtu yule yule, kaunta buku mbili: kwa nini fedha za msiba hazipotei na za maji zinaliwa?

MwalimuNjombe:

Kamwene wakuu. Naomba msaada wa waliosoma elimu ya jamii, na hata ambao hawakuisoma ila wana la kusema.

Nafundisha Uraia, kidato cha tatu, shule ya kata huku Njombe. Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye mada ya mali ya umma. Nikaandika ubaoni kwamba mali ya umma ni mali yetu sote. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ni yetu sote, mbona fedha za msiba hazijawahi kuibiwa na za maji zimeibiwa?" Darasa zima lilinyamaza, kwa sababu wote walijua anamsema nani. Nikawaambia nitajibu kipindi kijacho. Mpaka leo sijajibu.

Nieleze lenyewe. Kijijini kwetu kuna chama cha kuzikana na kila kaya imo. Ukitokea msiba, kaya inatoa shilingi 2,000, unga kilo moja na mzigo wa kuni. Fedha inayokusanywa leo inatunzwa kusubiri msiba ujao, ili mfiwa asikae akingoja watu. Mweka hazina ni baba yangu mdogo, na ameishika kazi hiyo tangu mimi niko darasa la nne. Bibi alipofariki ilikuwa saa tano usiku, mvua inapiga. Jirani wa pili hajafika, baba mdogo alishaingia na mfuko wa nailoni uliokazwa kwa mpira. Akakaa juu ya gunia la viazi, akahesabu mbele yetu kwa mwanga wa tochi ya simu: 486,000. Akafungua kaunta buku, akanipa kalamu nisaini. Katika kitabu kile hata mia moja haijawahi kupotea. Wadaiwa wa 2,000 za miaka ya nyuma wote wamo; wengine walishakufa, na watoto wao wakaja kulipa.

Baba mdogo huyo huyo ndiye aliyechaguliwa kushika mfuko wa maji. Mradi ulituchimbia kisima kirefu, wakafunga pampu, tangi na mabomba sita. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50, na makusanyo yanawekwa kusubiri siku pampu itakapogoma. Iligoma mwaka 2019. Fundi akataja milioni tatu na laki mbili. Mfuko ulipaswa kuwa na zaidi ya milioni nne. Zikakutwa laki tatu na elfu kumi na mbili. Kina mama wakarudi kuteka bondeni kwa miezi saba, na kupanda kutoka kule na ndoo kichwani ni dakika arobaini. Baridi yetu ya mwezi wa saba mnaijua.

Kaunta buku zote mbili nimeziweka mezani ninapoandika haya. Mwandiko ni mmoja, kalamu ya bluu, hata tarakimu ya saba anaikata kwa kijistari katikati kote kote. Ya msiba imejaa majina mpaka kwenye pambizo. Ya maji inaanza safi, kisha miezi inaanza kurukwa, kisha Machi 2018 inakatika katikati ya ukurasa na baada ya hapo ni karatasi nyeupe.

Linaloninyima usingizi ni hili: baada ya yote hayo, chama cha kuzikana kilikaa mkutano wa mwaka na kumchagua tena. Mikono yote ilikuwa juu, na ya wale kina mama waliokuwa wanapanda na ndoo ilikuwemo.

Simtetei na sijamhukumu. Nataka kuelewa. Ipo nadharia inayoeleza jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa mwaminifu na mwizi ndani ya wiki moja, na kijiji kizima kisione ajabu?

---

Kipanga77:

Dada, hapo hakuna cha nadharia. Ni tamaa tu. Mngempeleka kwenye vyombo vya sheria siku ile ile, msingekuwa na swali leo.

---

MwalimuNjombe:

Ndugu Kipanga, ningekubali kama angeiba kote. Tamaa gani hiyo inayochagua daftari? Fedha za msiba zilikuwa nyumbani kwake, chini ya kitanda chake, siku zile zile alizokuwa akichukua za maji.

---

Msosholojia_Mlimani:

Mwalimu, pole, na hongera kwa kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Swali lake karibu ndilo alilolishughulikia Mnigeria Peter Ekeh katika makala yake ya mwaka 1975. Mimi niliisoma nikiwa mwaka wa pili chuoni na sikuitilia maanani, mpaka nilipoajiriwa nikaanza kuona watu niwajuao wakiishi ndani yake.

Ekeh anasema hivi. Katika nchi za Magharibi, maadili anayofundishwa mtu nyumbani ndiyo anayotoka nayo hadi ofisini. Umma ni mmoja, na jema la hapa ni jema la pale. Huku kwetu ukoloni ulituachia umma wa aina mbili. Upo wa kwanza, wa ukoo, kijiji, kabila, watu utakaozikana nao. Humo mtu ana wajibu, anatoa, na hapigi hesabu ya faida, kwa sababu anachopata hakihesabiki kwa shilingi: anapata heshima na mahali pa kuwa mtu. Upo wa pili, uliokuja na bomani: kodi, ofisi, mhuri, mradi. Huo hauna maadili yoyote yanayomfunga mtu moyoni. Humo mtu anadai haki zake, anachukua anachoweza, na hajioni kuwa ana deni. Ndiyo maana lugha yetu yenyewe imeuita shamba la bibi.

Yeye aliandika akiitazama zaidi Nigeria, lakini ipime kwa historia yetu. Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwaka 1897. Mwaka 1902 yakaanza mashamba ya pamba ya lazima huko pwani, yaliyoitwa ya jumuiya, wakati mkulima alijua fika kwamba si yake. Mwaka 1905 Wamatumbi waling'oa pamba na vita vya Maji Maji vikaanza, na huko kwenu Wabena wakaivamia misheni ya Yakobi. Kukwepa cha serikali kulikuwa ushujaa. Ekeh anakwenda mbele zaidi: anasema hata wapigania uhuru waliwahimiza watu kukwepa na kugoma, wakidhani bendera ikishabadilika moyo nao utabadilika. Wewe mwenyewe utakuwa unakumbuka kodi ya maendeleo, mgambo akipita alfajiri na wanaume wanalala porini. Ilifutwa mwaka 2003 tu.

Maji nayo yana historia yake. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji karibu na kila kaya vijijini, bure. Sera ya 1991, na kwa uzito zaidi ile ya 2002, zikageuza: wananchi wachangie, waendeshe, watunze. Nasema bila kulaumu waliozitunga, fedha hazikuwepo. Lakini fikiria mwanakijiji: kwa miaka ishirini anaambiwa bomba ni la serikali, kisha asubuhi moja anaambiwa ni lenu. Neno limebadilika. Je, umma nao umebadilika?

Kuna sehemu ya mwisho ya Ekeh ambayo watu huiruka, na ndiyo chungu. Anasema mtu anayechukua kutoka umma wa pili akapeleka kwenye umma wa kwanza haonekani mwizi. Anasifiwa. Kwa hiyo nikuulize, mwalimu: fedha za maji zilikwenda wapi?

---

MwalimuNjombe:

Nimesoma mstari wako wa mwisho nikafunga simu. Nilitoka nje nikarudi.

Mwaka ule wa 2018 kanisa la kigango chetu lilikuwa linaezekwa. Kuta zilikuwa zimesimama miaka mitatu bila paa. Jumapili ya Matawi katekista alitangaza kwamba zimebaki bati 60, kila mwenye moyo aseme. Baba mdogo akasimama akasema ishirini. Watu walipiga vigelegele, jina lake likatajwa mara tatu, na mama mmoja akamvua kofia na kuiweka juu kama bendera. Mtu anayelima ekari moja na nusu ya viazi! Nilikuwepo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Jumapili ya Matawi mwaka ule ilikuwa tarehe 25 Machi. Nimeangalia kalenda sasa hivi, na nimeangalia ukurasa unapokatika.

Bati zake ziko upande wa kwaya. Mvua ikianza, ndizo zinazolia kwanza.

Bati ishirini hazimalizi milioni nne. Nyingine zilitoka kidogo kidogo: mtu akiugua usiku, nauli ya kwenda hospitali ya Ikonda ilitoka kwake, yatima wawili wa shangazi walisomeshwa na yeye, na harusi ya kaka yangu, mchango wake ulikuwa wa pili kwa ukubwa. Nyumba yake mwenyewe bado ni ya nyasi upande wa jikoni. Naandika haya sijui kama ninamshitaki au ninamlilia. Lakini pampu ilikufa, na dada yangu alianguka na ndoo kwenye kile kilima akiwa na mimba ya miezi sita. Mtoto alipona. Kwa hiyo siwezi kusema wizi ule haukuwa na mtu uliyemuumiza. Waliolipa bati zile ni wanawake, shilingi hamsini hamsini, bila kujua, na baadaye wakazilipa tena kwa shingo zao.

---

AchiengNairobi:

Mwalimu, pole sana kwa hayo ya dada yako.

Naandika kutoka Nairobi, na naomba nipinge kidogo. Tusiufanye huo umma wa kwanza kuwa malaika. Tulikuwa na chama, wanawake 14, tulijuana kazini. Kila mwezi 5,000 kila mtu. Mwaka mzima hakuna aliyechelewa. Desemba, siku ya kugawana, mweka hazina alizima simu. Laki nane na elfu arobaini za Kenya. Tulienda alikokuwa amepanga, tukakuta mpangaji mwingine anapiga deki. Hapo ndipo tuligundua hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kwao ni wapi. Miaka minne tumekula pamoja chakula cha mchana, na hatujui hata jina la mama yake.

Kikundi cha mama yangu huko nyumbani Siaya kimekaa tangu niko mdogo na hakijapoteza kitu. Wanaimba wimbo ule ule tuliokuwa tukiimba sisi, na katiba yetu ilikuwa ndefu kuliko yao, tena ilichapwa. Kwa hiyo kuitwa chama pekee hakutoshi. Wao watamzika mweka hazina wao, na yeye anajua.

Kuhusu kuchukua kule na kuleta huku, sisi tumeliona hadi likaandikiwa sheria: ile ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iliwawekea mipaka kwenye harambee. Mtu wa mshahara mdogo alikuwa anakuja na gunia la pesa, tunamshangilia. Tulijua. Sote tulijua.

---

Mzee_wa_Mfongo:

Mwalimu, hujambo mwanangu. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha mazungumzo haya, akasema babu hapa pana maji, hapa ni kwako. Mimi ni mtu wa Vunjo, Uchagani. Nilistaafu nikiwa bwana umwagiliaji, kwa hiyo nimekula chumvi ya pande zote mbili: ya mila na ya serikali.

Kijana wa Mlimani ameeleza vizuri, nami namshukuru, lakini naona jambo moja limempita. Amesema kana kwamba maji ni ya umma wa pili na msiba ni wa umma wa kwanza. Maji yenyewe hayajui hilo. Huku mlimani tuna mifereji tunayoiita mfongo, ilichimbwa na mababu kwa majembe, ikifuata kontua ya mlima bila chombo cha kupimia. Wazungu wa kwanza kufika hapa karne ya 19 waliikuta ikitiririka. Nayo ni mali ya pamoja kama pampu yenu. Ilikuwa na mkuu wake, meni mfongo, na kila kaya ilikuwa na zamu. Nikiwa mtoto, pembe ililia kabla ya jua, na baba alitoka na jembe begani huku anatafuna. Tulikwenda hadi banio, pale maji ya mto yanapozuiwa yaingie mferejini, tunaziba kwa mawe, matope na magogo ya migomba. Asiyetokea alitozwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Akirudia, zamu yake ilirukwa na migomba yake ikamshitaki kwa kila apitaye: ilinyauka. Hakuna aliyeandika daftari. Sikuwahi kusikia kwamba meni mfongo ameyauza maji ya watu.

Baadaye, kazini, nililetewa kitabu cha mama wa Kimarekani, Elinor Ostrom, cha mwaka 1990. Mwaka 2009 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Wakati wake wataalamu wengi waliamini kwamba mali ya pamoja lazima itaharibiwa, isipokuwa ikabidhiwe serikali au tajiri mmoja. Yeye akaenda kutazama: mifereji ya Valencia huko Hispania, mifereji ya Ufilipino, malisho ya milimani Uswisi. Akakuta watu wanaoitunza wenyewe karne kwa karne. Akaandika mambo yaliyofanana kote. Watumiaji ndio waliojitungia kanuni. Wanaochunga ni watumiaji wenyewe au wanawajibika kwao. Adhabu inaanza ndogo, inakua mtu akirudia. Na pa kuamulia ugomvi pako karibu. Nilisoma usiku mzima, nikimwona baba yangu na jembe lake.

Sasa nikuambie lililotokea kwetu, maana halimo katika kitabu hicho. Mwaka niliokuwa bado kazini, mradi mmoja ulikuja ukatujengea banio la zege kwenye mfongo wa ukoo wetu. Zege zuri, mimi mwenyewe nilisimamia, nilijivuna. Mwaka uliofuata mvua ilileta mchanga, mfereji ukajaa. Pembe ikapigwa. Tulitoka watu wanne. Nikapita nyumba kwa nyumba kuuliza kulikoni, wakanijibu: "Si mradi wenu huo? Waje wazibue." Mfongo ule ule, maji yale yale, watu wale wale. Ulikuwa wao, na ulikoma kuwa wao siku zege lilipokauka. Na aliyewanyang'anya, akiwa na nia njema, ni mimi.

Kwa hiyo, mwalimu, mimi singeuliza fedha zilikwenda wapi. Ningeuliza kaunta buku ya msiba inasomwa wapi na mbele ya nani. Kisha ningeuliza ya maji nayo inasomwa wapi.

---

MwalimuNjombe:

Shikamoo mzee wangu. Nilisoma jibu lako mara tatu, nikalichapa, nikalipeleka darasani. Nilimpa yule kijana wa nyuma asome kwa sauti. Alipofika kwenye "tulitoka watu wanne" alisimama, akarudia mstari ule bila kuambiwa.

Nakujibu swali lako. Ya msiba inasomwa kila msiba, baada ya mazishi, pale pale uwanjani kwa mfiwa kabla ya kunawa mikono. Jina kwa jina, kila mtu anasikia lake. Ya maji kanuni zake zilikuja zimeshachapwa, tukaonyeshwa pa kusaini. Ilipaswa kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ajenda ya saba au ya nane, watu wakiwa wameshaanza kuondoka kwenda kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Nimehesabu: tangu bomba lifunguliwe imesomwa mara mbili.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Sikumwambia habari za Ekeh wala za Ostrom. Nilimwomba tu kwamba msiba ujao, ikishasomwa ile moja, isomwe na hii ya pili. Alifikiri muda mrefu, kisha akasema, "Asome mwenyewe."

Jumamosi tulimzika mzee wa jirani. Baba mdogo akasoma ya msiba kama siku zote, sauti imara. Mwenyekiti akampa ya pili. Aliipokea. Angeweza kusema macho yanauma au jua linazama, na hakuna ambaye angemlazimisha. Alisoma. Mwezi kwa mwezi, ndoo ngapi, shilingi ngapi, na palipo na pengo alisema "hapa sikuandika". Kila aliposema hivyo watu walikohoa. Alipofika Machi 2018 akanyamaza, kidole kikiwa kwenye karatasi.

Aliyezungumza ni dada yangu. Hakusimama. Alisema, "Baba mdogo, na Machi?"

Akasema, "Machi nilipeleka bati."

Ubishi ulianza hapo na haujaisha. Wapo wanaosema zilizokwishapandishwa kwa Mungu haziteremshwi. Wapo wanaosema Mungu hakuomba ndoo za wanawake. Katekista naye alikuwepo, na aliomba apewe muda azungumze na kamati yake. Baba mdogo amesema atalipa kwa viazi, gunia mbili kila mavuno. Kina mama wakamwuliza kwa bei ya nani, ya shambani au ya sokoni Makambako. Hilo tu lilichukua saa nzima, na ni mara ya kwanza kuwasikia wakizibishania fedha za maji kama wanavyobishania za msiba.

Hakuna aliyetaja kumwondoa kwenye chama cha kuzikana. Tunakutana tena Jumapili ya pili, na ameambiwa aje na kaunta buku zote mbili.